Saa ya Kwanza Baada ya Risasi

 Jioni hii nimeazimia kuzungumza nanyi, wasikilizaji wa nyanda hizi za juu, wa Mbeya na Iringa, Njombe na Chunya, juu ya jambo ambalo kwa dhahiri lawahusu watu wachache, yaani wale wenye leseni ya kuwinda, na askari wa wanyamapori ambao kazi yao huwalazimu pengine kumpiga nyati au tembo aliyevamia mashamba. Walakini kwa hakika lamgusa kila mtu aliyepata kupokea kipande cha nyama ya porini na kukitia chunguni bila ya kujua kimepita mikononi mwa nani na kimelala wapi. Nalo ni namna ya kumpasua, kumchuna na kumkata mnyama mkubwa pale pale alipoanguka, na namna ya kuiokoa nyama yake na joto la nchi, hata ifike nyumbani ikiwa ingali kitoweo.

Neno langu ni hili: nyama huokoka au hupotea katika saa ya kwanza, kabla ya barafu, kabla ya gari, na kabla ya jokofu la mjini, na mwenye kuipuuza saa hiyo hana fundi wala mtambo wa kumrudishia alichokipoteza.

Jua la mbuga ya Usangu, chini ya nyanda hizi, ni kali, na kila aliyepita Rujewa au Madibira mwezi wa Oktoba, wakati udongo umepasuka na majani ya mbugani yamegeuka rangi ya mchanga, analijua. Hata hivyo, joto la kwanza la kuogopwa ni lile ambalo mnyama alikuwa nalo mwilini mwake alipokuwa hai. Nyati dume ana uzito wa kilo 600 hadi 800, na pofu dume aliyekomaa aweza kufika kilo 900, na mwili wa wanyama hawa una joto lisilopungua nyuzi 38 au karibu yake, mchana na usiku, kiangazi na masika. Anapokufa, zile njia ambazo joto lilikuwa likitokea, yaani damu kuzunguka chini ya ngozi na pumzi kutoka puani, hufungika ghafula, ilhali joto lenyewe limebaki ndani, limezibwa na ngozi nene, na manyoya, na mafuta, na unene wa mapaja ambayo mtu mmoja hawezi kuyakumbatia. Tena lile tumbo lake kubwa limejaa majani yanayochacha, na kuchacha huko hakukomi kwa kufa kwa mwenyewe. Huendelea kutoa joto na hewa, tumbo likavimba na kukaza, na kila dakika ipitayo huzidi kuzitia nyama za karibu yake harufu isiyotoka tena.

Vijidudu viletavyo uozo hupenda sana hali ya namna hiyo. Vingi vyao, vikipata joto la kati ya nyuzi 30 na 40, pamoja na rutuba na chakula, huweza kuzaana maradufu kila dakika 20. Na kwa hesabu hiyo kijidudu kimoja huwa vinane kwa muda wa saa moja, na saa sita zikitimia vimepita 262,000. Nyama ikishuka hadi nyuzi nne, kuzaana huko hupunguka sana, ingawa hakukomi kabisa. Basi yote nitakayoyasema jioni hii yana muradi mmoja tu, nao ni kulifungulia joto njia litoke upesi, na kuufungia uchafu njia usiingie.

Kazi hii ni ya kale mno katika nchi yetu. Ukitoka Iringa mjini kwa njia ya Mbeya, mwendo wa kama kilomita 20, utafika Isimila, ambako mwaka 1951 yaligunduliwa mashoka ya mawe kwa wingi wa kustaajabisha. Na wataalamu waliochimba huko mwaka 1957 na 1958 wakakuta pia mifupa ya wanyama, miongoni mwao kiboko wa jinsi ambayo haipo tena duniani. Umri wa vitu hivyo wakadiriwa kupita miaka 200,000. Mashoka hayo yenye makali pande mbili, ambayo mengine ni mazito hata mtu wa leo hujiuliza yalishikwaje, huaminiwa na wataalamu wengi kuwa yalitumika, pamoja na kazi nyingine, kwa kukatia wanyama wakubwa. Nalitaja jambo hili kwa kuwa watu wale, ambao majina yao na lugha yao vimetupotea, walifanya kazi yao mahali mnyama alipolala, kwani kiboko hachukuliki. Na mpaka leo, pamoja na magari yetu na winchi zetu, mnyama mkubwa hana budi kufuatwa na kisu pale alipo, wala hawezi kuningojea mimi nimpeleke kwenye kisu.

Lakini kazi ya kuihifadhi nyama huanza hata kabla mnyama hajafa. Mnyama aliyesimama ametulia, akapigwa risasi ya moyo au ya mapafu, akaanguka baada ya hatua chache, hufa akiwa na akiba ya sukari katika misuli yake. Na sukari hiyo, baada ya kufa, hugeuka asidi, ambayo ndiyo hulainisha nyama kwa kiasi chake na kuzuia vijidudu visistawi haraka. Yule aliyekimbizwa maili nyingi, au aliyepigwa tumboni akaenda kujificha kichakani nusu ya siku akiwa na uchungu, huwa ameimaliza akiba hiyo yote, na nyama yake hutoka nyeusi, yabisi, yenye kunatanata mkononi, nayo huharibika mapema kuliko nyingine hata ikitunzwa kwa uhodari wote. Aidha risasi ipitayo tumboni huyamwaga machafu ya utumbo juu ya nyama nzuri ya mgongo na mapaja. Kwa hiyo msasi anayejizuia, anayekataa kupiga mpaka mnyama amgeuzie ubavu, huwa ameshalinda nusu ya kitoweo chake kabla ya kukitoa kisu alani; na yule anayefyatua ovyo kwa tamaa ya nyara hana haki ya kulilaumu jua.

Mnyama akishaanguka, asikaribiwe kwa pupa. Nyati hasa ana sifa ya kuamka pale anapodhaniwa amekufa, na watu wengi wameuawa kwa sababu hiyo. Basi huendewa kwa nyuma, bunduki i tayari, na jicho lake huguswa kwa ncha ya fimbo ndefu, na lisipopepesa ndipo watu hukaribia. Palipo na Waislamu katika kundi, desturi ya tangu zamani za misafara ni mmoja wao kuharakia kumchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu kabla roho haijatoka, ili nyama iwe halali kwa wote; na desturi hii, mbali na amri ya dini, ina manufaa yake ya dhahiri, kwani damu nyingi hutoka, na nyama iliyotokwa na damu hukaa vizuri zaidi kuliko ile iliyobaki na damu ndani yake.

Sasa tufike kwenye kisu chenyewe. Na ningependa viwe viwili, kimoja cha ngozi na kimoja cha nyama, kwa sababu ngozi ya mnyama wa porini imebeba vumbi, matope, kupe na mavi, na kisu kilichokata ngozi kikiingia nyamani huviingiza vyote hivyo pamoja nacho. Nyati hageuzwi chali kwa urahisi, hivyo hupasuliwa akiwa amelala ubavu, watu wawili wakimshika miguu ya juu na kuivuta nyuma. Kwanza hukatwa kuzunguka mkundu na utumbo ule hufungwa kwa kamba. Kisha shingoni hutafutwa umio, nao hufungwa vivyo hivyo, ili majani yaliyochacha yasirudi kooni na kumwagikia kifuani. Ndipo ngozi ya tumbo hupasuliwa kutoka kidarini hadi kwenye nyonga, makali ya kisu yakielekea juu na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikitangulia chini ya ngozi kukiongoza, kwani tumbo kubwa liko hapo hapo chini na limekaza kwa hewa, na ncha ya kisu ikiligusa, kazi yote ya asubuhi ile imeingia dosari. Ngozi ya tumbo ikishafunguliwa, kiwambo kinachotenga tumbo na kifua hukatwa kwa kufuata mbavu, koo huvutwa kwa nguvu, na matumbo yote, mapafu na moyo hutoka kwa pamoja. Kibofu cha mkojo na nyongo hushikwa kwa uangalifu wa pekee, maana tone moja la nyongo laweza kulichukiza ini zima.

Na ikiwa, licha ya hadhari zote, tumbo limetoboka, sehemu ya nyama iliyochafuka ikatwe na kutupwa, hata kama ni nene. Wengi hukimbilia kuiosha. Nami nasema bila ya kusita kwamba kuiosha nyama porini ni kuiharibu mara ya pili. Maji yaliyosalia mitoni mwetu wakati wa kiangazi ni madimbwi. Ruaha Mkuu wenyewe, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi katika sehemu za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu maji ya juu yamechukuliwa, na yale yaliyobaki hapa na pale, ndani ya hifadhi na nje yake, hugaragarwa na viboko na kunywewa na makundi ya ng'ombe. Kuimwagia nyama maji ya namna hiyo ni kuipaka vijidudu upya, na juu ya hayo ni kuiachia rutuba ambayo ndiyo hasa hatuitaki. Kitambaa safi kilicho kikavu chatosha kufutia damu.

Juu ya ngozi pana ikhtilafu baina ya wasasi, na mimi nina upande wangu. Vitabu vingi vya mambo haya viliandikwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako aghalabu mnyama huwindwa wakati wa baridi, pengine theluji i chini, na huko humshauri mtu aiache ngozi mwilini siku mbili tatu ili nyama isikauke wala kuganda. Watu wetu wengine waliosoma vitabu hivyo, au waliofanya kazi na wageni walioshika ushauri huo, huufuata hapa bila ya kuupima, wakamfikisha mjini nyati mzima katika ngozi yake, baada ya saa kumi na mbili za barabara ya vumbi. Ngozi ya nyati kwenye jua la Idodi, huko chini ya Iringa, ni blanketi alilofunikwa mtu mwenye homa. Hapa kwetu ngozi itoke upesi iwezekanavyo, mara baada ya matumbo, na ubavu wa juu uliochunwa uachwe upigwe na upepo wakati watu wanapochuna wa pili. Na ngozi yenyewe itandikwe chini, upande wa manyoya ukielekea ardhini, ili nyama ipate mahali safi pa kuwekwa.

Baada ya ngozi, mnyama na akatwe. Swala pala, ambaye kilo zake ni kama 50 au 60, aweza kutundikwa mzima na akapoa; lakini tandala, kongoni, pofu na nyati hawapoi wakiwa wazima katika hali ya hewa yetu, hata wakichunwa. Mikono hutoka kwa urahisi kwa kuwa haikuungwa kwa kiungo cha mfupa na mwili. Mapaja huhitaji kukitafuta kiungo cha nyonga. Sarara hutolewa kwa mkato mmoja mrefu kando ya uti wa mgongo. Mbavu hukatwa kwa shoka au msumeno. Mahali penye hatari kuliko pote ni ndani ya paja, pale mfupa mkubwa unapokutana na nyonga, kwa sababu joto la hapo ndilo la mwisho kutoka, na nyama ya hapo huweza kuvunda ilhali ya nje ni nyekundu na nzuri ya kutamanisha. Mwenye nyumba huja kuigundua siku ya tatu kwa pua yake, akidhani amedanganywa. Dawa yake ni nyepesi: paja lipasuliwe kwa urefu, kisu kiufuate mfupa mpaka kiungoni, ili hewa iingie. Uzuri wa pande utapunguka, lakini nyama itabaki.

Kila pande na litundikwe kwa kamba au waya kwenye tawi lenye kivuli, mahali penye upepo, wala lisigusane na jirani yake, kwa maana nyama mbili zilizogusana hupashana joto. Pasipo na mti, na zipo sehemu za mbuga ya Usangu ambazo hazina mti wa haja kwa mwendo mrefu, huwekwa nguzo na boriti, na turubai likatandazwa juu tu, pande zote zikiachwa wazi. Upepo wa kiangazi ni mkavu, na kwa muda wa saa mbili au tatu uso wa nyama hufanya utando mwembamba mgumu, unaong'aa, ambao nzi hawapendi kutaga juu yake na vijidudu hupata tabu kuupenya. Kabla ya utando huo kutokea, nzi ndio adui mwenye haraka, kwani hufika kwa dakika chache, hutaga penye unyevu, kwenye mikunjo na kwenye jeraha la risasi, na mayai yao huweza kuanguliwa yakawa funza kabla ya siku kwisha. Moto mdogo wa moshi uwashwe upande unakotoka upepo, na nyama ivishwe mfuko wa kitambaa cha melimeli au marekani nyepesi, unaopitisha hewa na kuzuia nzi. Mfuko wa plastiki usitumike kamwe nyama ingali na joto. Huo hufunga joto, hufunga jasho, na humaliza kwa saa tatu kazi ambayo jua lingeifanya kwa siku nzima.

Hapa ndipo nataka kuwakumbusha wenyeji wa nyanda hizi neema ambayo wawindaji wa pwani na wa mabonde ya chini hawanayo. Kwa miaka mingi msimu wa kuwinda umekuwa ukifunguliwa tarehe mosi Julai, nao ndio wakati wa baridi kwetu. Usiku wa Julai katika Mbeya na Iringa huweza kushuka chini ya nyuzi kumi, na Kitulo, juu ya mita 2,600, hupata jalidi inayoyafanya majani kuwa meupe alfajiri. Hata huko chini, Usangu na Pawaga, tofauti ya mchana na usiku ni kubwa, kwa sababu anga halina mawingu na ardhi hulirudisha juu joto lake lote. Anayepiga mnyama saa kumi za jioni, akawa na watu wa kutosha kumaliza kuchuna na kukata kabla ya giza, huwa amepewa usiku mzima wa kupozea nyama bure. Wapo wanaopendelea alfajiri, nami siwapingi, kwa kuwa mnyama aliyejeruhiwa alfajiri huweza kufuatwa kwa mwanga, na kumfuata nyati mwenye jeraha gizani ni kujiua; ila mwindaji wa alfajiri akumbuke kwamba anashindana na jua linalopanda, na awe na gari karibu.

Na gari liondoke usiku. Kambi za Idodi na Pawaga ziko chini sana kuliko Iringa mjini, ambako ni kama mita 1,600 juu ya bahari. Na ndivyo Usangu, palipo mita 1,000 na kitu, palivyo chini ya Mbeya, iliyo kwenye mita 1,700. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, basi mwenye kuipandisha nyama yake kuja mjini, usiku, ikiwa imetandazwa juu ya matawi mabichi na upepo unapita chini yake, huipoza kwa mwendo wenyewe wa safari. Kinyume chake ni yule anayerundika mapande yote sakafuni mwa gari, akatupa juu yake ngozi, na juu ya ngozi turubai, na juu ya turubai watu wakakaa. Hilo ni tanuru. Barafu ikipatikana ni heri, lakini itiwe katika madumu au chupa zilizofungwa, maji yake yasiiloweshe nyama. Tena haraka nayo ina kiasi chake: nyama iliyotoka kuchunwa ikitumbukizwa katika baridi kali mara moja, ikashuka chini ya nyuzi kumi kabla ya kupita kama saa kumi, misuli hujikunja na nyama huwa ngumu hata kwa kupikwa siku nzima. Na pande kubwa la paja likisukumwa likiwa moto ndani ya jokofu la nyumbani lililojaa, nje yake litaganda na ndani litavunda.

Kuna mnyama mmoja ambaye hapaswi kupasuliwa hata kidogo, naye ni yule aliyekutwa amekufa bila ya kupigwa na mtu. Kimeta ni maradhi ya wanyama na ya wanadamu, na dalili zake ni kifo cha ghafula, mzoga kuvimba upesi bila ya kukakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni na nyuma. Mzoga wa namna hiyo ukifunguliwa, vijidudu vyake vikakutana na hewa, hujivika gamba gumu na kukaa udongoni miaka na miaka. Mwaka 2011, katika wilaya ya Chama huko Zambia, bondeni mwa Luangwa, viboko kwa makumi walikufa kwa kimeta, na watu wa vijiji vya jirani, wakiona nyama imejileta yenyewe katika nchi ya njaa ya kitoweo, wakaila. Walioshukiwa kuugua walihesabiwa kwa mamia. Mimi siwalaumu watu wale, maana sahani tupu ina hoja nzito. Lakini taarifa ipelekwe kwa daktari wa mifugo au kwa askari wa wanyamapori, na mzoga usiguswe. Aidha, katika ikolojia ya Ruaha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, katika mradi ulioanza mwaka 2006, walikuta kifua kikuu cha ng'ombe kwa mifugo na kwa wanyama wa porini. Kwa hiyo mwenye kupasua atazame mapafu na matezi, na akiona vinundu vyenye usaha wa manjano, asimpe mtu nyama ile kwa kuona haya ya kuitupa. Na mikono yenye michubuko ivae glavu.

Nyama isiyowezekana kufika mjini ikiwa mbichi ikaushwe. Hukatwa kwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vya unene wa kidole, hupakwa chumvi, na kuanikwa juu ya kamba katika kivuli chenye upepo, au kubanikwa juu ya uchanja kwa moto wa polepole. Chumvi huvuta maji, na pasipo maji vijidudu havizaani. Watu wa upande wetu wa magharibi hawakungojea chumvi ya meli, kwani Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta dalili za kazi ya kupika chumvi tangu yapata karne ya 13. Nyama iliyokaushwa vema huweza kukaa miezi. Ila isihifadhiwe mpaka ikunjwapo itoe mlio wa kuvunjika, la sivyo itaota ukungu katikati.

Sheria sina haja ya kuirefusha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imemweka kila mnyama wa porini chini ya dhamana ya serikali, na mtu akikutwa na nyama ya porini bila ya hati, hata awe ameitunza kwa adabu zote nilizozitaja, ni mhalifu. Kanuni za mwaka 2020 zimefungua njia ya kuwapo mabucha halali ya nyamapori, ambayo mtu wa kawaida aweza kununua kilo yake akapewa risiti. Nimelifurahia jambo hilo, kwa kuwa nyama ya wizi ndiyo hukatwa kichakani usiku, gizani, kwa kisu kimoja, ikafichwa ndani ya magunia na chini ya mkaa. Na haiwezi kuwa safi, kwa sababu kila kinachoisafisha, yaani nafasi, upepo na subira, mwizi hanacho.

Bado liko kundi moja ambalo nataka kuliombea. Tembo au nyati akishauawa na askari kwa kuvamia mashamba, na nyama ikatolewa kwa wanakijiji, huwa ni siku ya vurumai: watu mia na visu mia, kila mmoja akijikatia anapofikia, matumbo yakitobolewa ovyo, watoto wakikanyaga damu, mapande yakiburutwa mchangani, na wajane na wazee, ambao pengine shamba lililoliwa lilikuwa lao, wakirudi mikono mitupu. Nusu ya nyama huharibika siku ile ile. Napendekeza kwa serikali za vijiji vya Mbarali, vya Idodi, vya Pawaga na vya Chunya kwamba katika ofisi ya kijiji viwekwe vitu vichache visivyo vya gharama: kamba, turubai moja, visu vinne vizuri na tupa ya kuvinolea, shoka, na gunia la chumvi, na wachaguliwe mapema watu wanne au watano, miongoni mwao mchinjaji anayekubaliwa na wote, wafundishwe kazi na bwana mifugo. Hao tu ndio wamkaribie mnyama, na wengine wakae kivulini umbali wa hatua 50, majina yao yakiandikwa kwa kaya, wakianziwa wale walioharibiwa mazao yao.